Vibanio vya Rangi Tano

Dobi huyu alikuwa na pasi tatu, mabeseni sita na mume mmoja aliyekuwa bingwa wa sentensi. Pasi na mabeseni vilimsikiliza.

Bingwa mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima. Shule hakuwa nayo. Alikuwa na chumba cha mbele cha nyumba yao, mabenchi manne, ubao, na ukuta wa plaiwudi uliolitenga darasa lake na chumba cha nyuma ambako mkewe alipiga pasi. Kila siku saa kumi alasiri wanafunzi waliingia: kinyozi wa mtaa wa pili, mlinzi wa ghala la saruji, msusi, na wengine waliokuja wiki mbili wakaona inatosha. Mwalimu hakuwahi kuongea na Mwingereza hata wa kupishana naye njiani, lakini hilo halikumpunguzia uhakika. Kusema kweli lilimwongezea, maana hakukuwa na wa kumbishia.

Lugha ile, alivyoieleza yeye, haikuwa na maajabu yoyote. Ilikuwa kamba. Juu ya kamba vinaning'inia vipande vitano, kila kimoja mahali pake, na ukivichanganya Mwingereza anakutazama tu. Kwanza nani. Halafu anafanya nini. Halafu kitu gani. Halafu wapi. Mwisho lini. Ili watu waone kwa macho yao, siku moja alikwenda chumba cha nyuma akachukua kamba ya kuanikia ya mkewe, akaifunga kwenye misumari miwili, mmoja kando ya dirisha na mwingine juu ya mlango. Akarudi tena, akachukua pakiti ya vibanio vya nguo, vile vya plastiki, rangi tano. Nyekundu ikawa nani, bluu anafanya nini, kijani kitu gani, njano wapi, nyeupe lini. Hakuomba ruhusa. Alisema ni kwa ajili ya elimu, na mtu wa kupinga elimu atasema nini.

Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mwalimu Vibanio, ingawa vibanio vilikuwa vya mkewe. Dobi naye akawa anaanika mashuka ya watu kwa kuyakunja tu juu ya waya huko uani, na kuuomba upepo uwe na adabu.

Msusi aliwahi kuuliza: na kwa nini inakaa wapi? Mwalimu alifikiri kidogo, akaitazama pakiti. Alijibu kwamba rangi ni tano, kwa hiyo kwa nini si ya lazima. Darasa zima likaandika daftarini kwamba kwa nini si ya lazima.

Plaiwudi haizuii kitu. Nyuma yake dobi alisikia kila somo, mara ya kwanza, mara ya kumi, mara ya mia, huku akinyoosha kola za watu, na baada ya miaka kumi na tisa Kiingereza kilikuwa kimemwingia bila kupiga hodi. Alikijua kuliko mabenchi yote manne yakijumlishwa. Mumewe hakuwa na habari, kwa sababu hakuwahi kuuliza, na mke hakuwahi kusema, kwa sababu kusema katika nyumba ile kulikuwa na masharti yake.

Kuna jambo alilolibaini akiwa huko nyuma, ambalo mwalimu kwenye kiti chake hakuliona. Kila mwanafunzi alianza sentensi na kile kilichomkaa moyoni. Kinyozi alianza na lini: jana, juzi, Jumamosi ile ya mvua. Kutwa nzima anawasimulia watu walio chini ya mkasi wake, na hakuna hadithi ya kinyozi isiyoanza na jana. Mlinzi alianza na wapi, maana maisha yake yote yalikuwa getini. Getini mimi kukaa, getini gari kuja. Msusi alianza na nywele. Kwa dobi mambo hayo yalikuwa na maana kabisa. Ukimsikiliza mtu sentensi mbili tu, unajua anashinda wapi na anaumwa nini. Kwa mwalimu yalikuwa makosa. Kinyozi angesema jana, na papo hapo angeamriwa ashushe nyeupe aipeleke mwisho. Anashusha. Kesho yake anaanza tena na jana.

Walichokishika barabara ni mikono. Mwanafunzi wa Mwalimu Vibanio ukimkuta mjini anaongea Kiingereza na mgeni, utamjua kwa vidole: anabana hewani, anasogea hatua moja kulia, anabana tena, mpaka afike kwenye lini. Mgeni husubiri kwa heshima, akidhani ni mambo ya dini. Mmoja wa wanafunzi wa zamani alikwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini, akabana vibanio vitano angani mbele ya meneja. Walimpa kazi ya kufua.

Laiti mambo yangeishia darasani. Mwalimu alirudi nyumbani, yaani alivuka mlango mmoja, chaki ikiwa bado vidoleni na kanuni kichwani, na mkewe akitaka kumweleza jambo kwa Kiswahili chao cha kila siku, lugha ambayo haijamkosea mtu, alimkata kauli na kumtaka aanze upya. "Nani kwanza, Mama," angesema, kwa upole wa daktari. Siku moja pazia la jikoni lilishika moto. Dobi alitoka mbio akasema jikoni, moto. Mwalimu aliweka gazeti chini. Alisema hayo ni maneno mawili, bado si sentensi, na kwamba moto ndio unaotenda, kwa hiyo uje mbele. Mpaka dobi alipofikisha habari kwamba moto unaunguza pazia jikoni sasa hivi, pazia lenyewe lilikuwa limebaki pete zake tu. Mwalimu alimsifu. Alisema umeona sasa, nimekuelewa mara moja. Moto aliuzima dobi mwenyewe, kwa beseni la tatu.

Alimpenda, hilo lisemwe wazi. Zamani, kabla ya kamba na vibanio, alikuwa kijana mwembamba aliyembebea mabeseni kutoka bombani na kumuuliza umeshindaje, kisha akatua mzigo asikilize jibu. Jibu lilikuja mkia mbele, kichwa nyuma, na alilielewa lote. Dobi aliolewa na yule kijana. Namna alivyogeuka kuwa huyu wa kitini hakuna aliyemwona akigeuka.

Miaka miwili mitatu hii ya mwisho mwalimu aliacha hata kusimama. Miwani yake ilivunjika mkono mmoja, akaitia mfukoni, akagundua kwamba kazi inakwenda bila hiyo. Wanafunzi waliandika vipande vyao kwenye kadi walizokata katika maboksi ya sabuni ya dobi, wakazibana kwenye kamba, na yeye kutoka kitini, upande wa pili wa chumba, aliangalia rangi. Nyekundu, bluu, kijani, njano, nyeupe, basi ni sahihi, anayefuata aje. Kadi zimeandikwa nini, hilo lilikuwa kati ya mwanafunzi na Mungu wake.

Kinyozi ndiye aliyempasulia dobi siri hiyo. Alileta taulo za kinyozini kwake kufuliwa, akicheka mpaka akaegemea mlango. Alisema jana ameandika kwamba mwalimu wetu anatafuna mabenchi yetu juu ya paa kila Jumanne, akapanga rangi zote sawasawa, akapata sahihi, na darasa zima lilikuwa linajiuma midomo. Dobi alicheka naye, kisha kicheko kikamkwama. Aliuliza kama kweli mwalimu hakusoma.

"Hasomi, mama. Anatazama rangi," kinyozi alisema, na sasa naye hakuwa anacheka sana.

Dobi alikuwa na dada yake mkubwa, mjane, katika mji mwingine, mwendo wa basi wa kutwa nzima. Dada huyo alikuwa amepata kazi ya kufua mashuka ya hospitali nzima, akanunua mashine mbili, akabaki na shida moja tu: hakuwa na mtu anayejua madoa. Na dobi aliyajua madoa yote kwa sura na tabia. Basi dada akapiga simu. Alisema njoo tufanye pamoja, mdogo wangu, mgongo wako huo hauna miaka kumi mingine ya kuinamia mabeseni. Shemeji naye aje, wasiojua Kiingereza wapo tele hata huku. Ila uwe umefika Ijumaa ya wiki ijayo, maana hospitali hawasubiri, na usipofika nitachukua mtu mwingine.

Ijumaa hiyo ilikuwa siku kumi na moja mbele. Dobi alitaka kitu kimoja tu: mumewe akae, amsikilize mpaka mwisho, kisha aseme lolote. Angesema twende, wangekwenda. Angesema usiniache, angebaki, na mgongo wake na yote. Lakini aseme akiwa amesikia.

Mara ya kwanza alijaribu kwenye chai ya asubuhi. Alianza na kwa dada, na hakufika mbali. Nani huyo, aliulizwa, na anafanya nini huko kwa dada. Mara ya pili alianza na Ijumaa, akaambiwa Ijumaa ni nyeupe, inakaa mwisho. Mara ya tatu alipiga moyo konde, akaanza kama inavyotakiwa. Alisema mimi. Mwalimu alifurahi kupita kiasi. Alisema ona, ona ulivyopiga hatua, hata kinyozi hajafika hapo, akaeleza kwa nusu saa ubora wa neno mimi kama neno la kuanzia, mpaka chai ikapoa na yeye akainuka kwenda kununua chaki. Kibanio cha bluu hakikupata nafasi.

Siku hiyo dobi alilia. Alilia kwenye taulo za kinyozi, ambazo zilikuwa zinangoja kufuliwa hata hivyo.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, saa kumi na robo, alivua aproni, akapita mlango wa plaiwudi, akaketi benchi la nyuma. Mwalimu alivimba kwa fahari. Alitoa hotuba kwamba elimu haina umri, kwamba hata mtu wa jikoni akikaa karibu na taa huishia kuona, na kwamba wanaochelewa wasione haya. Dobi alisubiri amalize. Mfukoni alikuwa na kadi tano alizoziandika Jumapili, mumewe alipokuwa amelala mchana, kwenye ubavu wa boksi la sabuni. Aliwaza kwamba za kinyozi huenda hazikusomwa kwa sababu zilikuwa za kinyozi. Za mke, akiwa amesimama pale pale ubaoni, mtu hawezi kuacha kuzisoma.

Zamu yake ilipofika aliiendea kamba. Vibanio vile vilikuwa vyake, alivijua vyote, hata kile cha njano kilicholegea. Kadi alikuwa ameziandika kwa Kiingereza, na kilikuwa Kiingereza safi ambacho kamba ile haikuwahi kukibeba. Kwa lugha yetu zilisema hivi. Nyekundu: mke wako. Bluu: anahamisha. Kijani: nguo zake, pasi zake na vibanio vyake. Njano: kwenda kwa dada yake. Nyeupe: Ijumaa asubuhi.

Alisimama kando, akageuka kumtazama mumewe usoni. Mlinzi alisoma polepole akisogeza midomo, akafika mwisho, akarudia mwanzo. Msusi aliinama akatazama viatu vyake. Kinyozi alisoma mara moja tu, uso ukamshuka. Soma, dobi alimwomba kimoyomoyo. Vaa miwani yako, mume wangu, usome.

Mwalimu aliegemea kiti. Macho yake yalitembea kutoka dirishani mpaka mlangoni, bila haraka.

"Sahihi," alisema. "Mnaona nyinyi? Hata mke wangu anaweza. Anayefuata."

Hakuna aliyesogea.

"Mwalimu, umesoma?" kinyozi akauliza.

"Nimesema sahihi."

Dobi alizishusha kadi moja moja, akazitia mfukoni, akarudi nyuma ya plaiwudi. Pasi ilikuwa bado ya moto. Aliumia, aliumia sana, na ndani ya maumivu hayo kulikuwa na kitu kingine kilichomshangaza. Alikuwa amesema jambo lake lote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, katika nyumba ile, na mumewe hakumkata kauli hata mara moja. Alimaliza shati alilokuwa ameliacha, kisha akampigia dada yake simu.

Jumanne, Jumatano na Alhamisi alizirudisha nguo za watu nyumba kwa nyumba. Kila mlango aliulizwa kulikoni, na kila mlango alijibu kwa mpangilio wowote uliomjia mdomoni, na kila mtu alimwelewa. Mwalimu aliona chumba cha nyuma kinazidi kuwa kitupu, akasema mpangilio ni jambo jema.

Ijumaa asubuhi alikuwa mbele ya kioo ananyoa ndevu, nusu ya uso povu. Dobi alisimama mlangoni na mizigo yake miwili, pasi zikiwa zimefungwa kwenye shuka. Wakati mumewe anaosha uso alikuwa ameshapita darasani akaikunja kamba, akavihesabu vibanio ndani ya mfuko wa khaki.

"Naondoka, Mwalimu."

"Wapi? Lini?" Hakugeuka. "Hiyo sentensi haijaisha."

"Niliimaliza Jumatatu," dobi alisema, akatoka.

Mwalimu alidhani amekwenda kuchukua nguo za wateja. Alimaliza shavu la pili, akasafisha wembe wake vizuri, akakaa na gazeti kusubiri chai. Aliisubiri hadi saa sita.

Yaliyotokea alasiri hiyo dobi aliyapata kwa kinyozi, aliyempigia simu wakati yeye bado yumo ndani ya basi. Kinyozi alianza na leo, kama kawaida yake, na mara hii hakukuwa na wa kumshusha. Mwalimu, alisema, aliingia darasani akakuta misumari miwili na katikati yake hewa. Aliuliza kamba iko wapi, na darasa likamtazama tu, kama yule Mwingereza. Alipotaka kuketi, nusura azikalie kadi tano zilizokuwa zimepangwa juu ya kiti chake. Aliitoa miwani mfukoni, akaishikilia machoni kwa mkono. Akaanza kusoma na kadi ya mwisho. Ijumaa asubuhi. Akatazama dirishani, ilikuwa Ijumaa alasiri. Kisha kwenda kwa dada yake. Akaenda hivyo hivyo kinyumenyume hadi akafika kwenye mke wako, na hapo alikaa muda mrefu. Kanuni ya miaka kumi na tisa aliivunja kadi kwa kadi mbele ya wanafunzi wake, na hakuna aliyemsahihisha. Halafu akawaambia waende nyumbani.

Simu yake mwenyewe ilikuja Jumamosi asubuhi. Dobi alikuwa uani kwa dada yake, mikono imelowa, kamba yake imefungwa kati ya nguzo mbili za chuma, mashuka ya hospitali yanangoja ndani ya beseni. Dada mtu alimshikia simu sikioni.

Mwalimu alianza kuongea bila salamu. Jana, alisema. Kitini, zile kadi. Chai hakuna, na huku nyuma ya plaiwudi kimya, leo asubuhi tena, nimegonga ukuta, mimi. Kila kitu kilikuwa nje ya mahali pake: lini imetangulia, wapi inaikanyaga, na nani, bingwa mwenyewe, ameburuzwa mwisho kabisa. Ilikuwa sentensi mbovu kuliko zote zilizowahi kupita katika ukuta ule, na dobi aliielewa yote. Ilimchoma. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijua mume wake anaumwa nini.

Ulimi ulimwasha amwambie aanze upya, nani kwanza. Hakumwambia. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si gumu hivyo, mtu akijaribu.

Kisha sauti ya mwalimu ikawa ndogo.

"Kwa nini, Mama?"

Dobi alitazama vibanio vyake kambani. Majibu alikuwa nayo, tena ya kumwaga: pazia, chai iliyopoa, taulo za kinyozi, yule kijana wa mabeseni aliyepotea humo humo ndani ya nyumba. Angeweza kuanza na lolote kati ya hayo na akaeleweka.

"Hiyo hukuiwekea kibanio, Mwalimu," alisema.

Alimwashiria dada yake aondoe simu, akainama kwenye beseni, akachukua shuka linalofuata.